Klorini Kwenye Kikombe cha Abdi

Juzi nilifungua mfereji wa hoteli mjini Garissa, na harufu ya klorini ikanirudisha kambi ya wakimbizi ya Dadaab, kwenye alasiri ya lori la maji.

Shuleni mwalimu alikuwa ametuambia kwamba klorini huua. Kengele ililia kabla hajaeleza huua nini. Njiani nikamkuta dereva wa lori akiongeza unga mweupe ndani ya tangi.

"Ni nini hiyo?"

"Klorini, abaayo, dada yangu. Kachukue dumu nyumbani haraka, maji yanaisha."

Nilifika mbio, mikono mitupu. Mama alikuwa ameshateka maji ya lori lile, na sasa alikuwa anamnywesha mdogo wangu Abdi.

"Hooyo, usimpe. Atakufa."

"Atakufa kwa kiu," alisema bila kugeuka. "Siku hizi shule inafundisha kuogopa maji?"

Abdi alilala mkekani, mdomo wazi. Niliweka kiganja puani pake. Pumzi ilikuja, ikapotea, ikaja tena. Leo najua unga ule ulikuwa ukimlinda. Siku ile nilijua tu kwamba hawezi kwenda peke yake. Nikanywa kikombe kizima cha maji yale, nikalala kando yake, nikamshika mkono, nikatamka shahada.

Yeye ndiye aliyeniamsha. Alitaka maji.