Mafurushi ya Fundi Kola

Katika kiwanda kile cha kushona sare, mwanamke aliyetunza stoo aliitwa Dada Stoo na kila mtu, hata na waliomzidi umri. Lakini udada wenyewe ulikuwa wa kweli kwa mtu mmoja tu: bosi, mdogo wake wa tumbo moja. Mumewe naye alishona humo humo. Huyo alijulikana kama Fundi Kola, kwa sababu kola ya shati ikishapita mikononi mwake ilisimama wima bila kulazimishwa, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

Kiwanda kilianza kama chumba kimoja cha uani. Mdogo mtu alikuwa anazurura bila kazi, Fundi Kola akamwita. "Shemeji, njoo ukae hapa. Ukishindwa kushona, angalau utanipigia soga." Akamfundisha kukata, kukunja pindo, na kutia zipu isiyogoma katikati ya safari. Kijana hakuwa fundi wa kusifiwa, ila alijua kutafuta wateja. Alianza na shule ya jirani, akafuata wapishi wa hoteli, kisha manesi. Chumba kikawa jengo zima, cherehani zikajipanga kutoka ukuta hadi ukuta, duka likafunguliwa mjini, na aliyeleta wateja akawa bosi.

Ukuaji ule nusura uwaue. Kila mtu alivutia kamba upande wake. Duka liliahidi mashati bila kuuliza stoo. Mnunuzi alileta majora ya bluu wakati bluu imejaa hadi mlangoni, na nyeupe haipo hata ya kufutia miwani. Safari moja mkataji alikata gauni za manesi kwenye kitambaa kilichowekewa wapishi. Manesi walichukua zao wakafurahi. Wapishi walipoleta gari lao, walikuta hewa. Bosi aliomba radhi mpaka sauti ikamkauka. Gari likaondoka tupu, na mteja yule hakuonekana tena.

Ndipo ukaletwa mfumo. Ulikuwa programu moja ya kompyuta iliyounganisha duka, stoo, ununuzi, meza ya kukatia na ofisi ya hesabu. Binti aliyekuja kuwafundisha alieleza kwa maneno mepesi: duka likipokea oda, kitambaa chake kinatengwa papo hapo kwenye kompyuta ya stoo, kikipungua, mnunuzi anapata taarifa kabla mtu hajaanza kumtafuta, na bosi, popote alipo, anaona oda imefikia wapi.

"Kwa hiyo tumeletewa mama mkwe," alisema mkataji. "Hashoni, hapiki, lakini kila kitu lazima aambiwe."

Watu wakacheka. Dada Stoo alicheka pia, ila yeye aliupenda mfumo tangu wiki ya kwanza. Miaka yote alikuwa akilala na stoo nzima kichwani, akigeuka ubavu anakumbuka vifungo, akigeuka wa pili anakumbuka uzi. Sasa kichwa kilipata nafasi. Msimu wa kufungua shule, ambao zamani uliwatoa jasho la damu, ulipita kama mgeni mstaarabu. Mizigo ilitoka kabla ya ahadi. Bosi alionekana akila chakula cha mchana ameketi, jambo ambalo mafundi walilijadili kwa siku kadhaa. Wateja waliokuwa wamenuna wakarudi, wengine wakaja na wenzao.

Bosi alipoona matunda hayo, akaongeza kipande kingine. Kila furushi la vipande vilivyokatwa likabandikwa stika, na fundi akaisomesha kwenye kimashine akianza kushona na akimaliza. Haikuwa kwa ubaya wa mtu. Walitaka kujua kazi inakwama wapi. Kuhakiki ukurasa wa hesabu hizo kila jioni alikabidhiwa Dada Stoo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na shaka naye.

Jioni ya kwanza aliufungua. Majina ya mafundi yalishuka kwa mpangilio, kila jina na mstari wake wa rangi. La mumewe lilikuwa chini kabisa, na mstari wake mfupi kama kucha.

Sababu aliijua. Ilikuwa macho. Daktari alikwisha sema ni presha ya macho, akaandika dawa ya matone, na alipoulizwa kama kuona kutarudi alijibu kwa upole, "Kilichokwenda kimekwenda, mama. Tunalinda kilichobaki." Mume na mke walikubaliana kufunga midomo. Fundi Kola alishona kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Mkewe alimpelekea vitambaa vyeupe, vyeusi vikaenda kwa wengine, na mara kwa mara alipita kwenye cherehani yake akijifanya analeta vifungo, kumbe anamtungia uzi. Mambo yalikwenda hivyo muda mrefu, maana hakuna aliyekuwa akihesabu.

Jioni moja alifanya alichoweza. Alichukua mafurushi machache ya mama mmoja mwenye kasi, aliyeketi jirani na mumewe, akayahamishia kwenye jina la Fundi Kola. Kesho yake asubuhi yule mama alisimama kwenye dirisha la stoo, akaongea kwa sauti ya chini.

"Dada Stoo, naona mfumo unanionea. Kazi yangu ya jana haionekani yote. Naomba uniangalizie, nisije nikaambiwa mvivu."

Yule mama hakumshuku hata kidogo, na hilo ndilo lililouma. "Nitakuangalizia, mama," Dada Stoo alimjibu, na kabla yule mama hajafika kwenye kiti chake, mafurushi yalikuwa yamerudi.

Haukupita muda, shehena ya mashati ikarudishwa na mteja. Kola zilikuwa zimekwenda upande, ncha moja juu, nyingine chini. Zamani wangenung'unika kwa jumla, wakafumua na kushona upya, na aibu ingekuwa ya wote. Safari hii msimamizi aliingiza namba ya stika, na jibu likaja hata hajavuta pumzi. Alilisoma, akalisoma tena, kisha akaenda ofisini.

Bosi alimwita dada yake.

"Keti, dada."

Hakuketi.

"Shemeji anaumwa?"

"Macho."

"Tangu lini?"

"Kabla ya kompyuta zako."

Bosi alijishika kichwa. "Mbona hamkuniambia?"

"Ungefanya nini?"

Bosi akainamia meza, akasema taratibu, "Niliona pia ulivyohamisha yale mafurushi. Mfumo unaandika aliyehamisha. Sikutaka kukuuliza."

"Mweke kwenye vifungo," alisema Dada Stoo.

"Vifungo vinatiwa na mashine siku hizi."

"Basi afundishe wanaoanza."

"Mwanafunzi atamwonyesha mshono na kumuuliza kama umenyooka. Atamjibu nini?" Bosi alifuta machozi. "Yule mtu ndiye aliyenishikisha mkasi, dada. Lakini mashati yakirudi, wateja wanakwenda, na kila cherehani pale nje ina familia nyuma yake. Niambie wewe nifanye nini. Utakachosema, nitafanya."

Dada Stoo alitafuta neno. Angekuwa na adui mbele yake angepigana, lakini aliyeketi pale alikuwa mdogo wake, analia. Neno hakulipata.

"Akikaa nyumbani, mshahara wake hautakatika," bosi alisema.

"Asante," alijibu, kama mtu anayepokea rambirambi.

Alimwambia mumewe Jumapili, akiwa anachambua mchele. Kabla hajafika popote, Fundi Kola alimtangulia.

"Mfumo wenu unasemaje kuhusu mimi?"

"Unasema uko nyuma."

"Haudanganyi?"

"Haudanganyi."

"Hata kidogo tu?"

"Nilijaribu kuudanganya mimi. Ulinikatalia."

Fundi Kola alicheka kidogo, cheko lililoishia njiani. "Shemeji yangu amesemaje?"

"Amelia."

"Maskini," alisema, na mkewe hakujua anamsikitikia nani.

Siku ya kuaga, mafundi walisimamisha cherehani. Bosi aliandaa hotuba, akaishia sentensi ya pili. Mkataji alijaribu utani kuhusu mama mkwe, haukuchekesha. Walipotawanyika, ilibaki kazi ya kufunga jina la Fundi Kola kwenye mfumo, na aliyeruhusiwa kuifanya kazi hiyo alikuwa Dada Stoo peke yake. Kompyuta ilimuuliza kama ana uhakika. Duka lilikuwa likimpigia simu kuulizia mzigo. Kisha akabonyeza ndiyo. Jina likatoweka, wengine wote wakabaki palepale, na wa mwisho sasa alikuwa binti aliyeajiriwa juzi.

Kiwanda kiliendelea kunawiri. Kilifungua tawi lingine, na wenye biashara wengine walikuja kujifunza mfumo unavyofanya kazi. Dada Stoo ndiye aliyewaonyesha, na aliwaeleza ukweli mtupu: umewasaidia.

Nyumbani, Fundi Kola alizoea kukaa karibu na mlango, penye mwanga. Mchana mmoja jirani alimletea suruali ya kupunguza urefu. Hakuwa na habari ya macho. Mkewe aliporudi aliikuta imekunjwa vizuri juu ya kiti.

"Iangalie," alimwambia. "Imekaaje?"

Aliikunjua. Mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake, na pindo lilipanda na kushuka.

"Imekaa vizuri, baba," alisema.

Akaenda nayo jikoni, akatafuta wembe, akaanza kufumua, huku mumewe akimsimulia kutoka mlangoni jinsi kitambaa kile kilivyokuwa kigumu.