Siku Damu ya Mbuzi Ilipotoka Kahawia

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msidhani mvua ikinyesha na majani yakaota basi mambo ni mazuri. Nimechunga mbuzi tangu sijang'oa meno ya utoto, huko Lorugum, na mimi nilidhani hivyo mpaka nikawa na wajukuu.

Sasa tunakaa Kakuma, kando ya barabara kuu. Malori yanapita kutwa, na majenereta ya wenye maduka yananguruma karibu na ukuta wetu. Zamani mvua ikinyesha, hapo barabarani ziliota nyasi fupi nyembamba na maua madogo ya manjano. Siku hizi hakuna. Ni mchicha wa porini tu, unanifika kiunoni, kijani karibu na weusi. Ukitembea saa moja kwenda mbali na barabara, zile nyasi fupi bado zipo. Niliona hayo yote nikashukuru Mungu kwa mchicha. Sikuuliza kitu.

Mkwe wangu alikuwa amejifungua, maziwa yake yakakataa. Mtoto aliishi kwa mbuzi mmoja. Asubuhi moja nikamtoa mbuzi huyo zizini na njaa yake, nikampeleka mwenyewe kwenye mchicha. Kabla ya adhuhuri alikuwa anayumba, anahema mdomo wazi.

Kwetu mnyama akiwa hivyo tunamtoa damu. Nikamfunga kamba shingoni, nikatoboa mshipa chini ya jicho. Ikatoka damu ya kahawia. Nimekinga damu ya mifugo kwenye kibuyu miaka yangu yote, nikaichanganya na maziwa, nikanywa. Rangi hiyo sijawahi kuiona. 

Jirani yangu, mama wa Kikongo, akashika kichwa. "Bibi, hii damu iko kama kahawa! Na lengalenga ya pale, huo mchicha wenu, ndiyo nilikupikia jana!"

"Nilikula sahani mbili na bado nasikia kelele zako. Kimbia umwite daktari wa mifugo!"

Daktari akaja na pikipiki. Akatazama damu, akatazama mchicha. Akasema moshi wa magari na jenereta una kitu kama mbolea. Kinatua na vumbi, kinashuka na mvua, na samadi ya mazizi yetu nayo inapeleka yake hewani. Mmea mlafi unanenepa. Ule mdogo uliozoea udongo maskini unasongwa, unakufa. Mbuzi mwenye njaa akijaza tumbo kwa mlafi huyo, damu yake inashindwa kubeba pumzi.

"Mbolea hewani? Nani ameimwaga?"

"Sisi sote, nyanya."

Akamchoma dawa ya samawati kama wino. Nikashika mdomo wa mbuzi, nikaona fizi zikirudi nyekundu mbele ya macho yangu. Jioni mbuzi akakojoa kijani, jirani akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia hewa juu ya barabara. Haina rangi wala uzito, na kumbe inalisha huyu na kumuua yule.

Maziwa yake tulikatazwa siku kadhaa kwa ajili ya ile dawa. Jirani akatugawia ya unga ya mwanawe. Ndipo nikawaita wa nyumbani wote.

"Mbuzi asitoke zizini na njaa. Ale majani makavu kwanza, kisha aende ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, mbali na barabara. Atakayempitisha kwenye mchicha ule, atalala zizini pamoja naye."