Picha ya Mjukuu wa Mama Sichone

Bado nasikia kile kiti cha plastiki kilivyoanguka Mama Sichone alipoinuka kwa hasira. Alikuja kwenye kafe yetu ya intaneti, hapa Tunduma, kuona picha ya mjukuu wake wa kwanza, iliyotumwa na mwanawe aliyeko Lusaka.

Mimi, fundi wa kujiita, asubuhi hiyo nilikuwa nimechezea mipangilio ya kompyuta ili kurasa zifunguke upesi. Nilipomfungulia barua pepe yake, yakatokea maneno tu.

“Mama, hakuna picha. Mwanao kakudanganya,” nikasema, kifua mbele.

Akampigia papo hapo. “Mwongo mkubwa! Mjukuu wangu unanificha? Usinipigie tena!” Akatoka analia.

Bosi akainamia kompyuta. “We binti, nani kazima picha zote humu?”

Nilitamani kujizaba kofi.

Nilipobaki peke yangu, niliziwasha. Kichanga kikatokea, kimekunja ngumi kama kinanitafuta mimi. Nikaichapa picha kwa rangi, nikaanza kutembea kwenda nyumbani kwa Mama Sichone, mtaani Chapwa.