Pikipiki ya Mgonjwa Hailali Baridi

Siku rafiki yangu alipotembea kwa mara ya kwanza baada ya kiharusi, alitembea hatua tisa kumfuata mtu ambaye hakuwepo. Niliyekuwepo ni mimi. Nilikuwa chini, ghorofa moja chini yake, nimeshika mkono wa mafuta wa pikipiki yake, na nilimsikia akimwita mwingine.

Nianze na utaratibu wetu. Sisi si bodaboda, ingawa trafiki wakitusimamisha hutuita hivyo. Ni watu wa maduka na wa maofisini wenye pikipiki kubwa. Jumapili asubuhi tunakutana Posta barabara zikiwa bado tupu, tunakwenda Bagamoyo kunywa chai, tunarudi. Kanuni tunazo chache, na iliyo nzito kuliko zote ni hii: mwenzetu akiugua, pikipiki yake hailali baridi. Kila asubuhi mmoja wetu huenda kuiwasha na kuiacha ingurume mpaka injini isishikike kwa kiganja, kisha huizima. Tukiulizwa tunasema ni kwa ajili ya betri. Ukweli ni kwamba tunataka mgonjwa aisikie.

Huyo mgonjwa ni muuza mashuka wa jumla Kariakoo, mtu wa Kilimanjaro, na kama wenye maduka wengi waliotoka huko, tunamwita Mangi. Anaishi juu ya stoo yake. Pikipiki yake nyekundu ya silinda moja hukaa kwenye korido ya chini, kando ya marobota. Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha, miaka kumi na miwili iliyopita. Alipoanguka dukani, upande wa kulia ukafa ganzi na ulimi ukawa mzito. Kwa wiki kadhaa hakuweza kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe.

Ratiba ya kuwasha niliiandika mimi. Nilijipa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Jumatatu nikampa dada wa vyombo.

Dada wa vyombo alijiunga nasi mwaka jana tu. Ametoka Lindi, anauza sufuria na chupa za chai kwa jumla, maduka mawili kutoka kwa Mangi. Anavaa mtandio chini ya helmeti na anaendesha vizuri. Naandika kwamba anaendesha vizuri kwa sababu ni kweli, lakini naona tabu kuiandika.

Nilipokwenda kuchukua funguo, mke wa Mangi alinipokea mlangoni.

"Shemeji, funguo anazo dada wa vyombo. Mwenyewe kasema apewe."

"Kasema vipi na ulimi haujafunguka?"

"Kaonyesha kwa kidole. Duka lake liko karibu, au vipi?"

Basi kila zamu yangu ilianza kwa kwenda kuomba funguo dukani kwa yule dada.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Funguo."

"Hata hali huniulizi?"

"Hali nimeshaiona, umesimama."

Akacheka. "Haya, chukua. Ila usiijaze mafuta mengi, ile inakabwa."

"Pikipiki ile nilikuwa naiwasha wewe hujajua hata kupanda baiskeli."

"Ndiyo maana inakuchoka," akasema, akarudi kwenye sufuria zake.

Wiki ya tatu, nilipomaliza kuwasha nilipanda juu kumjulia hali. Mangi alikuwa kwenye kiti karibu na baraza la juu linalotazama barabara. Mkewe aliniambia kwa furaha kwamba mgonjwa amepata mchezo mpya: anatambua mikono yetu kwa mngurumo tu.

"Jana... fundi saa," Mangi akasema polepole. Kweli, jana yake ilikuwa zamu ya mwenzetu fundi saa. "Jumatatu... Dada."

"Na leo?" nikauliza.

Mangi akatikisa kichwa. "Leo sijui."

"We Mangi!" mkewe akaruka. "Si huyu hapa, rafiki yako!"

Mangi akacheka kwa nusu ya mdomo iliyokuwa inafanya kazi. "Umewasha... kama mtu yeyote."

Nilicheka nao. Nikashuka ngazi, nikavuka Jangwani kurudi nyumbani, na sikumbuki kusimama kwenye taa hata moja.

Jumatatu iliyofuata, kabla ya maduka kufunguliwa, nilisimama kwa muuza kahawa upande wa pili wa barabara nikasikiliza. Dada wa vyombo aliwasha, akaiacha itulie. Kisha akapiga resi mara mbili, fupi fupi. Akanyamaza, kama mtu aliyebisha hodi akisubiri kukaribishwa. Halafu akavuta moja ndefu. Ni hayo tu. Nikayaandika kwenye simu kama ninavyoandika kila kitu: mbili fupi, subiri, moja ndefu.

Kesho yake, Jumanne, dukani kwa dada wa vyombo nilimkuta binti wake wa mauzo peke yake. Akanipa funguo akashusha sauti. "Bosi kavuka Zanzibar kufuata mzigo. Usimtangaze." Nilielewa. Kariakoo mtu hatangazi safari ya mzigo mpaka mzigo umefika.

Niliwasha. Nikaiacha itulie. Sitasema kwamba mkono ulijifanyia wenyewe. Nilipiga mbili fupi, nikasubiri, nikavuta moja ndefu.

Nikaiachia ingurume chini chini. Juu, kiti kikakwaruza sakafu.

"Ngoja fimbo! Baba, ngoja fimbo!" Sauti ya mkewe.

"Dada!" Mangi akaita. "Dada! Nakuja!"

Nilizisikia kandambili zake, moja ikinyanyuliwa, moja ikiburutwa. Nilihesabu mpaka tisa, zikaishia kwenye kingo za baraza. Vigelegele vya mkewe vikasimamisha hadi wasukuma mikokoteni. Mimi nilikuwa ndani ya korido, baraza likiwa juu ya kichwa changu, hawakuweza kuniona. Hatua tatu tu zingenitoa barabarani. Angeinamisha uso, angeniona nikimpungia.

Nilizima injini. Nilirudisha funguo kwa yule binti nikaondoka kupitia uchochoro wa nyuma. Ofisini nilikaa kutwa nzima nikimwonea wivu mwanamke aliyekuwa ng'ambo ya maji akihesabu sufuria.

Jumapili hatukwenda Bagamoyo. Tulipanga pikipiki zote mbele ya jengo la Mangi, naye akateremshwa akishikiliwa huku na huku, akaketishwa juu ya robota. Dada wa vyombo alikuwa amesharudi.

"Jumanne," Mangi akasema, na sote tukamsogelea, "Dada kaniita. Nikaenda."

Watu wakampigia makofi dada. Hakuinua mkono. Alinitazama mimi. Wengine hukumbuka zamu zao tu, lakini ratiba imebandikwa dukani kwake, anajua Jumanne ni ya nani, na binti wake anajua nani alichukua funguo. Nilisubiri aseme. Ningekuwa mimi, ningesema.

"Namshukuru Mungu umetembea, Mangi," akajibu.

"Jamani, kwa nini tunazunguka?" fundi saa akapaza sauti. "Mkono wa dada ndio dawa. Apewe siku zote! Mwandishi wetu, toa kalamu."

Wakacheka, wakapiga honi. Nilitoa mfukoni ratiba mpya niliyoiandaa kwa mwezi uliofuata, nikaiweka juu ya tangi la pikipiki yangu, nikafuta majina yote na kuandika la mmoja mara saba. Mangi alikuwa ananitazama. Akanipa mkono wake wa kushoto, ulio mzima, akanibana vidole.

"Na wewe," akasema, "uwe unakuja... kunisalimia."

Ni miezi miwili sasa tangu hayo yatokee. Mangi anashuka ngazi mwenyewe, na daktari hajasema kama atapanda tena pikipiki. Kila asubuhi dada wa vyombo anawasha. Nikimkuta dukani ananiamkia, namwitikia, ananiuliza habari za nyumbani. Kuhusu Jumanne ile hajaniuliza, na sijui kama Mangi ameambiwa.