Kikombe cha Binti wa Filamu

Jumanne nilikuwa mgahawani pale Same, nikisubiri basi la Mwanga. Kwenye runinga yule binti mwigizaji anayezungumzwa na kila mtu siku hizi alikuwa akimlilia mume aliyemtoroka.

"Huyu anabebwa na sura tu," akasema mhudumu, akiitua chai yangu kwa kishindo hadi ikamwagikia kisahani.

Mama mmoja aliyeteremka na tangawizi yake kutoka Mamba, kule milimani, akageuka taratibu. "Mwanangu, umeanza kumwona lini?"

"Mwaka huu, mama."

"Mimi nilimwona akianza. Aliigiza mfanyakazi wa ndani, hana hata neno la kusema. Akaleta chai, akaiweka, akafanya hivi." Mama akazungusha kikombe chake polepole mpaka kishikio kikanielekea mimi. "Ili mgeni asihangaike. Nikamwambia mume wangu, huyu atafika mbali. Baadaye wakampa unesi, na maneno machache. Leo filamu nzima ni yake."

Mhudumu akaguna, akaenda zake jikoni.

Sisi wenye kalamu magazetini tulimsifu binti huyu alipokwisha kupanda kwenye mabango ya Dar, tena tukajiona wajanja. Mama wa Mamba alikuwa ameshamjua kwa kikombe kimoja.

Nikaagiza chai ya pili. Mhudumu akaileta, akaiweka mezani, akaondoka. Hatua mbili tu, akasimama. Akarudi, akageuza kikombe.