Risasi Moja kwa Nguruwe wa Kimulot

Kimeli alikuwa askari wa wanyamapori kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumchukia mnyama. Alifukuza ndovu kwenye mahindi ya watu. Alimtoa chui kwenye banda la mbuzi bila kumgusa hata unywele, huku wenye mbuzi wakimtukana kwa upole wake. Alisomea kazi hiyo chuoni na aliiamini. Akiulizwa kwa nini mnyama ahifadhiwe ilhali watu wanalala njaa, alijibu kwa hotuba ndefu, na watu wa Kimulot wakajifunza kutomuuliza.

Walichopenda ni kumtania. Kwa Wakipsigis kila ukoo una mnyama wake, na mnyama wa ukoo wa Kimeli ni nguruwe mwitu. "Serikali imeajiri nguruwe alinde nguruwe," walisema kwenye kituo cha kupimia majani chai, na Kimeli akacheka pamoja nao.

Kicheko kilikwisha asubuhi moja ya mwezi wa tano. Mama yake, Jerusa, alishuka kijitoni kumkatia ng'ombe majani ya nepia. Ndani ya nepia palikuwa na dume la nguruwe limelala, dume ambalo kijiji kizima kililijua kwa sikio lake la kushoto lililoraruka. Jerusa hakuliona mpaka lilipoinuka. Meno ya nguruwe mwitu yaliyochomoza ni mafupi, lakini yanakata kama kisu cha bucha. Lilimpasua paja, likampita, likasimama hatua chache mbele. Kisha likageuka na kumrudia, likaumaliza mguu ule ule chini ya goti.

Katika hospitali ya Longisa madaktari walihangaika nao siku nne. Siku ya tano wakaukata.

Jerusa alipoweza kuongea, hakulia. Alimshika mwanawe kola ya sare. "Alirudi," alisema. "Unanisikia? Mnyama mwenye kuogopa anakukata akikimbia. Huyu aliniangalia, halafu akarudi."

"Nitamuua, mama."

"Usiniambie mimi. Nenda muue."

Katika nchi hii mtu hatoki tu na bunduki akawinde. Uwindaji ulipigwa marufuku kabla Kimeli hajazaliwa. Lakini mnyama akishaumiza mtu, chifu huandika, ofisi hujibu, na askari hutumwa kummaliza huyo mmoja. Majirani wenye viazi vilivyofukuliwa walitia sahihi siku hiyo hiyo. Kibali kilipofika kambini, Kimeli alikichukua mwenyewe, akaenda nacho moja kwa moja kwenye stoo ya silaha.

Mtunza silaha alikuwa Sajini Calvince, Mjaluo wa kando ya ziwa, mnene, mpole, aliyesafisha bunduki jinsi wengine wanavyomwogesha mtoto.

"Nipe nne-tano-nane," Kimeli alisema.

Calvince aliinua macho. "Ya ndovu?"

"Hiyo hiyo."

"Omera, ndugu yangu, huyo nguruwe ana kilo ngapi? Themanini? Tisini, tukimhesabia na viazi vya mama yako?"

"Sitaki abaki kitu. Nataka hata kivuli chake kitoboke."

Sajini hakucheka. Alivuta kiti, akamwonyesha kingine, na Kimeli akakataa kukaa. "Sikiliza. Hiyo risasi ilitengenezewa nyati na ndovu. Itamtoboa nguruwe wako kama karatasi, halafu itaendelea na safari. Na huko kwenu ni mteremko, chai juu, chai chini, akina mama wanachuma kila mahali. Risasi itasimama kwa nani?"

"Basi nipe G3."

"Ni yale yale. Risasi yake ya saba nukta sita mbili inaenda zaidi ya kilomita na bado inatafuta kazi. Hiyo ni ya uwanda wa Mulot, si ya shamba la ekari mbili."

"Nichukue nini basi? Ile ndogo ya mbili-mbili, nimkune mgongo?"

"Ukimpiga na hiyo utamkasirisha tu, aende afie msituni baada ya wiki, na kabla ya hapo apasue mwingine." Calvince alishusha ukutani bunduki fupi ya mtutu mpana, ile ya marisau, wanayoiita shotgan. Kwenye kiganja aliweka risasi za aina tatu. "Hii ina marisau madogo, ya kanga. Achana nayo. Hii ina vidonge tisa, lakini vinatawanyika, na utakuwa na watu karibu. Hii ya tatu ina donge moja zito. Ndani ya hatua arobaini, mnyama hainuki. Hata likitoka upande wa pili, nguvu imekwisha, haliendi mbali."

"Hatua arobaini!"

"Ukiweza, ishirini. Na uhakikishe nyuma yake kuna udongo, si mtu. Bunduki unachagulia mahali, Kimeli. Hasira yako haina kipimo cha mtutu."

Kimeli aliipokea kama mtu anayepewa fimbo wakati ameomba upanga.

Nyumbani alimkuta baba yake mdogo, Gibson, akimsubiri mlangoni, kofia mkononi. Tangu baba yake Kimeli afariki, Gibson ndiye aliyekuwa sauti ya ukoo. Alikuwa mzee wa kanisa pia, na hakuona mgongano wowote kati ya kanisa na mila.

"Nasikia umechukua bunduki."

"Ndiyo, baba."

"Mwambie kwanza huyo nguruwe. Simama pale kwa nepia, umwambie: umetuumiza, ondoka. Ndivyo sisi hufanya kwa mnyama wa ukoo. Akikuja mbele yako, unampisha. Kama lazima afe, huyo Mjaluo mwenzako apige. Si wewe."

"Na mama? Yeye nani alimpisha?"

"Mimi nalia na mama yako kila siku."

"Usilie. Nipangie watu wa kupiga madebe."

Gibson aliwapanga. Siku ya kwanza ya msako, saa nne asubuhi, watu thelathini walizunguka kichaka cha bondeni ambamo dume lilikuwa likilala mchana. Kimeli alikaa na Calvince upande wa juu, kwenye njia ya msitu wa Mau, maana kila nguruwe hukimbilia msituni. Upande wa chini aliwaacha Gibson na watu wa ukoo, wanane kwa jumla, akijua kelele zao zingetosha kuuziba.

Madebe yalilia. Dume lilitoka, jeusi, nywele za mgongo zimesimama, likaenda chini moja kwa moja kwa Gibson.

Na Gibson akaacha kupiga debe. Mbele ya macho ya kijiji kizima akavua kofia, akasogea kando. "Pita, mzee," alisema. Wenzake kushoto na kulia wakasogea pia, kama watu wanaompisha mgeni ibadani. Nguruwe akapita katikati yao kwa mwendo wa kawaida kabisa.

Kutoka alipokuwa Kimeli mpaka kwenye ule mwanya ilikuwa hatua mia moja na hamsini. Aliinua bunduki, akaishusha. Ilikuwa sawa na kurusha mawe.

"Ningekuwa na G3!" alimfokea Calvince. "Ningekuwa naye chini saa hii!"

"Ungekuwa naye," Calvince alisema. Akanyoosha kidole: nyuma ya mahali nguruwe alipopita, wanawake watatu walikuwa wamesimama katikati ya chai na vikapu mgongoni, wakitazama. "Na yule wa leso nyekundu pia. Ungemzika nani kwanza?"

Kimeli alitoa risasi mtutuni, akaitia mfukoni. Kilichomuuma si kukosa tu. Ni ile kofia. Mama yake alikuwa kitandani anajifunza kuishi na mguu mmoja, na muuaji wa mguu wake alikuwa amevuliwa kofia.

Siku ya tatu nguruwe alirudi kichakani. Viazi vya Kimulot havisahauliki upesi. Kimeli alikwenda kwa Gibson, akakaa chini na kunywa chai.

"Baba, nimefikiria. Ulikuwa na haki. Kesho simama pale pale uliposimama. Akija, mpishe."

Uso wa mzee ulifunguka. "Kongoi, asante, mtoto wangu. Utamwacha aende zake?"

"Nitaongea naye," Kimeli alisema.

Calvince peke yake ndiye aliyeambiwa mpango wenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Wewe ni mtu mbaya, omera," alisema, na akampa risasi tatu.

Chini ya mwanya wa Gibson palikuwa na njia nyembamba iliyopita kando ya ukingo mrefu wa udongo mwekundu. Kimeli alilala kati ya mistari ya chai, ng'ambo ya njia, akiuelekea ukingo. Hakuna mtu ambaye angeweza kuwa nyuma ya shabaha yake. Palikuwa na ardhi tupu. Alipima kwa miguu: hatua kumi na nne.

Madebe yakaanza. Akasikia sauti ya baba yake mdogo ikisema, "Pita, mzee." Dume likaingia njiani bila haraka, kama mgeni aliyefunguliwa lango. Sikio lililoraruka lilikuwa upande wake. Kimeli akainuka kwa goti moja ili limwone. Alitaka limwone.

Lilimwona. Akapiga, nyuma kidogo ya bega. Lilianguka kama gunia linalotupwa kutoka kwenye lori, na halikutikisa hata mguu.

Gibson alikuja mbio, kofia bado mkononi. Alitazama nguruwe, akatazama majani ya chai yaliyolaliwa, akaelewa.

"Ulinisimamisha pale ili nimfungulie."

"Ndiyo."

"Alinipita kwa sababu aliniamini."

"Mama pia aliamini ile nepia ni yake."

"Umechukua heshima yetu ukaifanya mtego." Mzee alivaa kofia kwa mikono yote miwili. "Usinipe mkono, Kimeli. Leo wala kwa mazishi yangu." Akapanda mlima, na wale saba wakamfuata.

Kimeli hakumwita. Jioni ile alikuwa Longisa, kando ya kitanda, na matope bado kwenye buti. Jerusa aliketi wima kumsikiliza. Alitaka kila kitu: kichaka, madebe, mwanya, zile hatua kumi na nne. Gibson alipotajwa alitoa sauti kama ya kicheko.

"Halafu? Alilia?"

"Nani?"

"Nguruwe. Mimi nililia mpaka watu wa ng'ambo wakasikia. Yeye alilia?"

Kimeli alitamani kudanganya. Hakuweza. "Hapana, mama. Ilikuwa risasi moja. Aliniona, akaanguka pale pale."

Jerusa akajilaza polepole, akavuta blanketi juu ya mahali mguu ulipokuwa.

"Basi," alisema, "bunduki ulichagua vibaya."

Akageukia ukuta. Kimeli alikaa mpaka muuguzi alipokuja kumwambia saa ya wageni imekwisha, na hata hapo hakusimama mara moja.