Kopo Namba Kumi na Saba

Mzee Bahasha alipata jina hilo kwa kazi yake ya utarishi. Miaka ishirini na miwili alibeba bahasha kutoka ofisi moja kwenda nyingine, shati jeupe, tai nyeusi, viatu vimeng'arishwa hata siku za matope. Barua zilipohamia kwenye simu, ofisi ikamwambia asante na kwaheri. Akakaa nyumbani miezi minne akimfuata mkewe chumba hadi chumba, akimweleza namna bora ya kukunja mashuka. Mkewe ndiye aliyemtafutia kazi nyingine, tena kwa haraka.

Kazi ilikuwa hospitalini. Daktari mmoja wa kina mama alikuwa akichunguza kisukari kinachowapata wanawake wakiwa wajawazito. Alitaka kujua kama bakteria wa tumboni mwa mama mwenye kisukari wanatofautiana na wa mama asiye nacho, na ni wepi wanaohamia kwa mtoto anapozaliwa. Alihitaji mtu mwaminifu wa kupita majumbani kukusanya makopo.

"Makopo ya nini?" Mzee Bahasha aliuliza.

"Ya choo. Cha mama kwanza, halafu cha mtoto."

Mzee Bahasha akanyoosha tai yake. "Ni siri?"

"Siri tupu. Kila kopo lina mambo ya ndani ya mtu."

"Basi hiyo ni kazi ya tarishi," akasema, na kesho yake akaanza.

Alifunga sanduku la barafu nyuma ya baiskeli, akanunua daftari la kutia saini. Neno choo hakulitamka hata siku moja. Alisimama mlangoni akauliza, "Mama, waraka uko tayari?" Kina mama nao wakalizoea neno hilo. "Leo waraka umegoma, mzee," mmoja angesema, naye angejibu kwamba serikali haina haraka, atapita kesho.

Tatizo lilikuja na kopo namba kumi na saba. Mwenye namba hiyo alikuwa mwalimu wa hesabu, mimba ya kwanza, miezi saba. Kisukari kiligunduliwa kliniki, naye akakubali kuingia kwenye utafiti kwa moyo mweupe. Asichojua ni nani angekuja kuchukua kopo. Alipofungua mlango akamwona Mzee Bahasha na tai yake, akashika fremu ya mlango. Binti wa mwisho wa Mzee Bahasha alikuwa darasani kwake. Wiki tatu tu zilizopita, kwenye kikao cha wazazi, Mwalimu alikuwa amemsimamisha mzee huyu mbele ya watu sitini na kumuuliza kwa nini daftari la mwanawe lina mafuta ya kupikia.

"Shikamoo, mzee," akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, Mwalimu. Waraka uko tayari?"

Haukuwa tayari. Wala siku ya pili haukuwa. Siku ya tatu Mwalimu alimkabidhi kopo bila kumtazama usoni, akatia saini, akafunga mlango.

Baada ya siku kumi maabara ikapata wazimu. Kijana wa maabara aliona kwenye kopo lile bakteria wa kusaga majani, tena kwa wingi ambao binadamu hana. Akadhani amegundua jambo ambalo dunia haijawahi kulisikia. Alikuwa ameshaandika nusu ya barua ya kwenda chuo kikuu daktari alipoichukua, akaisoma, akavua miwani.

"Huyu ni mbuzi," akasema. Akamwita Mzee Bahasha. "Mzee wangu, hili likiingia kwenye hesabu zetu, tutawatangazia kina mama wote wenye kisukari kwamba matumbo yao ni ya kula nyasi. Nenda, lakini taratibu. Usimwaibishe."

Mzee Bahasha aliendesha baiskeli polepole akitafuta maneno. Alimkuta Mwalimu sebuleni, miguu juu ya kigoda, akisahihisha mitihani. Alikataa kiti.

"Mwalimu, huko ofisini wanasema kuna mtahiniwa amenakili."

Kalamu nyekundu ikasimama. "Amenakili kwa nani?"

"Kwa mbuzi."

Mwalimu akafunika uso kwa karatasi za wanafunzi. Mabega yakaanza kutikisika, na mzee hakujua kama ni kilio au kicheko, mpaka akasikia vyote viwili. Mbuzi alikuwa wa jirani. Mwalimu alikuwa ameokota vidonge vya kinyesi chake uani, akaviponda kwa kijiko, akaongeza maji.

"Nilikosea kipimo cha maji, ee?"

"Kipimo kilikuwa sawa. Mbuzi ndiye aliyekosea."

"Mzee, ningekupaje? Nilikusimamisha mbele za watu. Halafu nikuletee..."

"Mficha uchi hazai, Mwalimu."

"Mimba nimeshabeba."

"Basi umeshavuka pagumu. Mimi natembea na mizigo ya wanawake arobaini. Siwezi kukumbuka wa nani ni upi, wala sitaki."

Wakakubaliana hivi: asubuhi ifuatayo mzee angesimama uani na kuupa mlango mgongo, sanduku likiwa wazi. Ndivyo ilivyokuwa. Alisimama akimtazama mbuzi wa jirani, na mbuzi akamtazama yeye, mpaka akasikia kifuniko kinafungwa na mlango unarudishwa. Daftari lilikuwa limeshatiwa saini.

Mtoto alizaliwa miezi miwili baadaye, msichana wa kilo nne kasoro kidogo. Sukari yake ilishuka saa za mwanzo, kama inavyowatokea watoto wa mama wenye kisukari, manesi wakahimiza anyonyeshwe mara moja, na kesho yake akawa salama. Makopo ya mtoto Mwalimu aliyatoa mwenyewe, mkono kwa mkono, na mara nyingine aliongeza maelezo ambayo tarishi hakuyaomba: rangi, saa, na kelele iliyotangulia.

Wiki sita baada ya kujifungua akarudi kliniki, akanywa yale maji ya sukari kwa kukunja uso, akapimwa. Kisukari kilikuwa kimeondoka. Daktari akamwambia kinaweza kurudi miaka ijayo, kwa hiyo apime kila mwaka na autembeze mwili. Kuhusu bakteria, alisema bado, makopo mia tatu yanahitajika kabla hajafungua mdomo.

Mwalimu alilishika neno la kutembea. Likizo yake ilipoisha aliacha basi, akawa anakwenda shuleni kwa miguu, na kwa kuwa hakuamini hatua zake aliondoka nyumbani mapema mno. Walioumia ni wanafunzi. Zamani basi lilichelewa na wao walikuwa na robo saa ya kunakiliana kazi za nyumbani. Sasa wakifika wanamkuta amekaa mezani, ametoka jasho, kalamu mkononi, na amefurahi.